Shilingi za fedha za Malkia Victoria: jinsi ya kutambua tofauti ndogo za mihuri

Weka mezani shilingi mbili za Uingereza za mwaka 1867 na kwa macho matupu utaapa ni pacha. Mwaka mmoja, uzito mmoja, malkia yuleyule mwenye nywele zilizofungwa kisogoni. Kumbe moja ina picha ya kichwa iliyotumika tangu 1839, na nyingine ina picha mpya iliyoanza mwaka huohuo. Hii ya pili ni adimu zaidi, na mara nyingi huuzwa kwa bei ya mwenzake kwa sababu hakuna aliyeikagua.

Mwongozo huu unahusu shilingi za "kichwa cha ujana", zilizopigwa kuanzia 1838 hadi 1887. Tumezichagua kwa kuwa bado zinapatikana, zina tofauti nyingi, na mbinu zake zinafaa pia kwa peni sita, florini (shilingi mbili) na nusu krauni za zama hizo. Katika mwongozo mzima, "muhuri" ni kile kipande cha chuma cha pua kilichochongwa picha kinyume, kinachogandamizwa juu ya kisahani cha fedha ili sarafu ipatikane. "Panchi" ni chuma cha kugongea picha, herufi au tarakimu kwenye huo muhuri.

Kwanza elewa muhuri ulivyotengenezwa

Usiruke sehemu hii. Anayeijua huacha kubahatisha.

Mchongaji alitengeneza panchi kuu yenye picha ya kichwa. Panchi hiyo iligandamizwa kwenye chuma laini ikatoa muhuri mama. Muhuri mama ukatoa panchi za kazi, na panchi za kazi zikatoa mihuri ya kazi, ile iliyoingia mashineni. Mihuri ya kazi ilichakaa na kupasuka, kwa hiyo ilihitajika mingi kila mwaka. Tarakimu za mwisho za mwaka ziligongwa kwa mkono, muhuri mmoja baada ya mwingine. Herufi iliyotoka hafifu nayo iligongwa upya kwa mkono.

Hapo ndipo tofauti zinapozaliwa, na zipo za ngazi mbili. Tofauti ya panchi kuu au muhuri mama huonekana kwenye maelfu ya sarafu, maana mihuri yote iliyotokana nayo imeirithi. Tofauti ya muhuri mmoja wa kazi, kwa mfano tarakimu iliyogongwa juu ya nyingine, huonekana tu kwenye sarafu zilizopigwa na muhuri huo. Kila unapoona jambo, jiulize ni la ngazi ipi.

Kumbuka pia kwamba kilichochimbwa kwenye muhuri huinuka kwenye sarafu. Fundi akigonga panchi, alama inainuka. Muhuri ukipasuka, ufa unaonekana kama mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa mfukoni au wa kisu huzama. Kwa hiyo mstari uliozama karibu na tarakimu hauwezi kuwa mabaki ya tarakimu ya zamani, hata muuzaji aseme nini.

Vifaa

- Lenzi ya sonara ya kukuza mara 10. Hiyo ndiyo ya kazi ya kila siku. Ya mara 20 iwe ya kuthibitisha tu, maana inaonyesha eneo dogo mno na mtu hupotea.
- Mizani inayosoma hadi gramu 0.01.
- Vernia (kipimo cha upana) ya plastiki. Ya chuma hukwaruza ukingo.
- Taa moja yenye mwanga mwembamba, shingo yake iwe ya kukunjika.
- Simu yenye kamera nzuri na kitu cha kuishikilia isitikisike.
- Kitambaa laini cha kutandika mezani, sarafu ikidondoka isigonge mbao.
- Asetoni safi na kibakuli cha kioo.

Shika sarafu kwa ubavu wake, kamwe usiguse uso. Usiisugue kwa magadi, dawa ya meno, majivu wala dawa ya kung'arishia vyombo, kwa sababu msuguo unaondoa yale mabaki membamba unayoyatafuta. Kama ina mafuta au utando wa kijani wa mifuko ya plastiki, iloweke kwenye asetoni dakika 10 hivi, igeuze, badilisha asetoni, kisha iache ikauke yenyewe. Asetoni inawaka haraka, basi fanya kazi hiyo penye hewa na mbali na moto. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha haifai, kwa kuwa nyingi huongezwa mafuta na manukato.

Hatua ya 1: Hakikisha ni fedha na ni halali

Shilingi isiyochakaa ina gramu 5.655 na upana wa karibu milimita 23.6. Iliyotembea sana hushuka hadi gramu 5.3 au chini kidogo. Fedha yake ni sehemu 925 kwa 1000, na haivutwi na sumaku.

Jaribu pia kwa maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame bila kugusa chini wala pembeni. Shilingi kamili itasoma karibu gramu 0.55. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo na utapata takriban 10.3. Kwa mizani ya 0.01, jibu lolote kati ya 10.1 na 10.6 linakubalika, kwani tofauti ya tarakimu moja ya mwisho inatosha kulisogeza hivyo. Ukipata 8 au 9, ni shaba au mchanganyiko mwingine, na hakuna haja ya kuendelea.

Tazama pia mwelekeo wa pande mbili. Ishike kwa vidole viwili, kimoja juu ya kichwa na kingine chini ya shingo, kisha izungushe kama mlango. Kwa shilingi za kichwa cha ujana, upande wa pili unapaswa kutokea kichwa chini miguu juu. Mpangilio ulibadilika mwaka 1887 kwenye sarafu za Jubilei (za kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa malkia), ambazo pande zote mbili husimama wima.

Hatua ya 2: Tambua kichwa

Mgawanyo wa kawaida ni vichwa vinne:

- Cha kwanza: 1838 na sehemu ya 1839. Kina herufi W.W., za mchongaji William Wyon, kwenye mkato wa shingo.
- Cha pili: 1839 hadi 1867. Zile za matumizi ya kawaida hazina herufi hizo.
- Cha tatu: 1867 hadi 1879.
- Cha nne: 1879 hadi 1887.

Wapo wanaogawa zaidi ya hapa. Anza na hivi vinne, kisha endelea.

Miaka ya kuangalia kwa makini ni 1839, 1867 na 1879, kwa sababu kila mmoja una vichwa viwili. Ukumbuke 1839 hasa: herufi za W.W. ni ndogo na ziko mahali panapolika. Shilingi iliyochakaa isiyo na W.W. inaweza kuwa ilikuwa nazo, kwa hiyo thibitisha kwa njia ya hatua ya 4.

Hatua ya 3: Soma namba ya muhuri

Kuanzia 1864 hadi 1879 mafundi waligonga namba ndogo kwenye upande wa shada (ule wa nyuma, wenye shada la majani), juu tu ya mwaka. Namba hiyo ni ya muhuri, haihusiani na thamani wala mwezi. Kwa mkusanyaji ni zawadi kubwa: sarafu mbili za mwaka mmoja zenye namba moja zilitoka kwenye muhuri mmoja wa shada, na unaweza kuzitumia kujifunza jinsi muhuri ulivyozeeka.

Kwenye sarafu iliyolika, 3 na 8 huchanganywa, vilevile 1 na 7. Usisome ukitazama moja kwa moja. Laza mwanga upande wa kushoto, soma, kisha geuza sarafu robo mzunguko na usome tena. Namba ikibadilika, iandike kama "haisomeki" na usibahatishe.

Mwaka 1879 una pande zote mbili za hadithi. Zipo zenye kichwa cha tatu na namba, na zipo zenye kichwa cha nne bila namba. Zenye namba ndizo chache. Hakikisha basi kwamba "bila namba" ina maana haikugongwa, isije ikawa imefutika: mahali palipofutika pana ulaini na mng'ao tofauti na eneo linalozunguka.

Hatua ya 4: Tumia vijino vya ukingoni

Hii ndiyo mbinu inayotenganisha mtazamaji na mtambuzi, na inafanya kazi hata sarafu ikiwa imechakaa kiasi kwamba nywele zote zimelala.

Ukingoni pana vijino vidogo vinavyozunguka sarafu nzima. Chagua herufi yenye nguzo iliyonyooka: I, T, D, E, B, R au N. Acha O, C, S na G, maana hazina mstari wa kukuongoza. Chora mstari wa kufikirika ukifuata katikati ya nguzo hadi ukingoni. Je, unagonga kijino, au unapita kati ya vijino viwili? Andika "kijino", "kati", au "kulia kidogo mwa kijino".

Maandishi ya upande wa kichwa ni VICTORIA DEI GRATIA BRITANNIAR: REG: F: D:, kwa hiyo nguzo zipo za kutosha. Chukua angalau tano zilizotawanyika: I ya kwanza ya VICTORIA, D ya DEI, T ya GRATIA, B ya BRITANNIAR na F. Upande wa shada, chukua nguzo ya 1 katika mwaka. Fanya hivyo pia kwa ncha ya mkato wa shingo.

Kutaja mahali, tumia uso wa saa ya ukutani kama namba zake zilivyoandikwa: 12 juu, 3 kulia, 6 chini, 9 kushoto. Tunalisema hili wazi kwa sababu msomaji wa Kiswahili akiambiwa "saa tatu" hufikiria akrabu iliyo kwenye 9. Andika "kwenye 3", usiandike "saa tatu".

Ukishapata vipimo vya sarafu mbili, fasiri hivi:

Herufi zote zimehama pamoja kulinganisha na vijino, lakini umbali baina yao haujabadilika: mihuri mama ni tofauti. Hii ni tofauti ya ngazi ya juu, na utaikuta tena.

Herufi moja tu imehama au imeinama: iligongwa upya kwa mkono kwenye muhuri mmoja.

Kila kitu kimehama kidogo upande mmoja tu wa sarafu: huenda picha yako ilipigwa kimshazari. Piga nyingine kabla ya kufurahi.

Kwa picha, weka simu sentimita 20 hadi 25 juu ya sarafu na utumie kukuza badala ya kuisogeza karibu, kwa sababu ukaribu unapinda ukingo. Kisha weka picha ya sarafu moja juu ya nyingine kwenye programu yoyote inayoruhusu picha ya juu ififie ili ya chini ionekane, na zilinganishe kwa kuzizungusha hadi pua na kidevu vilingane. Tofauti zitajitokeza zenyewe kwenye maandishi.

Hatua ya 5: Kagua mwaka

Muhuri uliobaki bila kutumika mwaka ukiisha haukutupwa, kwani chuma na kazi vilikuwa ghali. Tarakimu mpya iligongwa juu ya ile ya zamani. Shilingi za 1848 ni mfano mzuri: 8 yake imegongwa juu ya 6. Zipo pia 1850 juu ya 1849 na juu ya 1846, 1854 yenye 4 juu ya 1, na 1863 yenye 3 juu ya 1.

Kabla ya kushika lenzi, chora tarakimu hizo mbili kwenye karatasi, moja juu ya nyingine. Mchoro utakuambia mabaki yatafute wapi:

- 8 juu ya 6: duara za chini zinakaribia kufunikana, hivyo hapo hupati kitu. Tazama kiuno cha 8 upande wa kushoto. Mgongo wa 6 unapita pale na kukijaza, kiuno kionekane kinene. Tazama pia ndani ya duara la juu.
- 0 juu ya 9: tafuta mstari uliopinda unaokatiza ndani ya 0, karibu na katikati. Huo ni sehemu ya chini ya duara la 9.
- 3 juu ya 1: tafuta nguzo wima inayochungulia kwenye nafasi zilizo wazi upande wa kushoto wa 3.

Mabaki yaliyo ndani ya duara hudumu kuliko yaliyo nje, kwa sababu kuta za tarakimu huyakinga yasilike. Kwa hiyo anza ndani. Laza mwanga karibu kabisa na uso, kama jua la magharibi, na uzungushe sarafu taratibu huku taa ikiwa imetulia. Mabaki ya kweli hubaki mahali pake na kivuli tu ndicho kinachozunguka. Doa la kutu ya fedha hupotea mwanga ukibadilika.

Lazima pia umbo unaloliona lilingane na tarakimu halisi ya panchi za zama zile, kwa ukubwa na kwa mpindo. Kivimbe kisicho na umbo si tarakimu. Kiandike "alama ndani ya 8" na uendelee.

Hatua ya 6: Kagua maandishi, herufi kwa herufi

Yasome kwa kidole, usiyasome kama sentensi. Jicho likishajua neno linarekebisha makosa lenyewe, na ndiyo maana mengi hupitwa.

Shilingi ya 1866 ipo yenye BBITANNIAR. Fundi aliyetaka kurekebisha R alichukua panchi ya B. Mwaka 1857 ipo ambayo mahali pa D ya mwisho pamegongwa G iliyogeuzwa. Kwenye peni sita ya 1878 ipo DRITANNIAR. Yote haya ni makosa ya panchi, na yote hukamatwa kwa kusoma polepole.

Kuhusu A isiyo na kijiti cha katikati, tuwe waangalifu. Huitwa "V iliyogeuzwa", na nyingine kweli ni hivyo. Lakini nyingi zaidi ni A za kawaida ambazo kijiti chake kilizibwa na uchafu na mafuta ndani ya muhuri. Unene wa miguu hautakusaidia: V ina mguu mnene kushoto, ukiigeuza unakuwa kulia, sawasawa na A. Pima upana wa miguu chini na ulinganishe na A nyingine kwenye sarafu hiyohiyo, kisha tafuta alama za kijiti kwenye kuta za ndani kwa lenzi ya 20.

Nukta iliyokosekana baada ya REG au F ni kisa hichohicho. Muhuri ulioziba hukula nukta kwanza. Usiite tofauti mpaka upate sarafu ya pili yenye upungufu uleule, na kwa zote mbili uwanda (sehemu bapa isiyo na picha wala maandishi) wa mahali hapo uwe safi.

Mambo yanayodanganya zaidi

Mtikisiko wa mashine ndio mdanganyifu mkuu. Muhuri ukilegea na kuteleza baada ya kugandamiza, unasukuma kingo za herufi na kuacha ngazi bapa, ya chini, yenye kung'aa. Herufi inaonekana mara mbili. Tofautisha hivi: mtikisiko unapunguza unene wa herufi ya asili, kwa kuwa umekatwa kutoka humohumo. Kugongwa mara mbili kwa panchi kunaongeza, na kila nakala ina umbo la mviringo pamoja na mikia yake iliyogawanyika kwenye ncha. Tena, mtikisiko kwa kawaida unavuta herufi nyingi jirani kuelekea upande mmoja. Panchi inagusa herufi yake tu.

Mihuri ikigongana bila kisahani cha fedha katikati, huachiana alama. Utaona vivuli vya shada mbele ya uso wa malkia. Zinapendeza na zinasaidia kupanga mfuatano wa sarafu za muhuri mmoja, lakini si tofauti ya muundo.

Panchi iliyovunjika ni jambo jingine kabisa, na wengi huliita kosa la tahajia. Florini ya Kigothi ya 1881, ambayo mwaka wake umeandikwa kwa namba za Kirumi, ipo yenye x ya mwisho iliyovunjika mguu ikaonekana kama r, hata mwaka ukasomeka mdccclxxri.

Na kuna kughushi. Tarakimu ya mwaka wa kawaida huchongwa ifanane na mwaka adimu. Kwa shilingi, 1850, 1851 na 1854 zote zinastahili kukaguliwa hivyo. Tafuta mikwaruzo sambamba kuzunguka tarakimu, uwanda ulioshuka, au tarakimu moja yenye urefu tofauti na wenzake. Bei ikiwa kubwa na picha ya muuzaji haina ukali, usinunue. Omba picha ya mwaka peke yake yenye mwanga wa kulala.

Hatua ya 7: Andika

Kila sarafu iwe na kadi yake: mwaka, uzito, upana, kichwa, namba ya muhuri, nguzo tano na zinapoelekea, hali ya tarakimu ya mwisho, nyufa kwa nafasi ya uso wa saa, na jina la faili la picha. Tenga ulichokiona na unachodhani. "Mstari ulioinuka ndani ya 0, unakatiza katikati" ni kitu ulichokiona. "0 juu ya 9" ni maoni yako, na mwingine akipata sarafu bora anaweza kuyapinga akitumia maelezo yako mwenyewe.

Hifadhi sarafu kwenye vibweta visivyo na PVC (aina ya plastiki), mbali na mpira, sufu na magazeti, kwa kuwa salfa inaifanya fedha kuwa nyeusi. Anayeishi Mombasa, Unguja au Muscat aongeze vipakiti vya silika jeli, vinavyonyonya unyevu, na kuvibadilisha vikishalowa.

Mazoezi ya kunoa jicho

Kwa anayeanza, sarafu moja iitwayo florini mbili (double florin), ya 1887, ni mwalimu mpole. Ni kubwa, milimita 36, na 1 ya mwaka wake ipo ya aina mbili: moja kama I ya Kirumi, nyingine 1 ya kawaida yenye kichwa kilichochongoka. Ukizoea, tafuta za 1888 na 1889 ambazo I ya pili katika VICTORIA ni 1 iliyogeuzwa juu chini.

Kisha florini ya Kigothi ya 1879. Hesabu matao madogo yanayozunguka ukingo: yapo 38, 42 au 48 kulingana na muhuri. Gawa picha katika robo nne, hesabu kila robo, jumlisha, kisha rudia ukianzia mahali pengine. Majibu mawili yasipolingana, hesabu mara ya tatu.

Baadaye shuka hadi shilingi ya George III ya 1787. Tafuta ngao ya Hanover, ile yenye farasi anayekimbia. Humo yumo simba aliyesimama, na kwenye baadhi ya sarafu amezungukwa na mioyo midogo midogo, kwenye nyingine hakuna mioyo kabisa. Kwa sarafu iliyochakaa mioyo hiyo ni vidoa tu, kwa hiyo mwanga wa kulala ndio utakaoamua.

Na mwenye shilingi za Afrika Mashariki za 1921 na kuendelea, zile za fedha sehemu 250 kwa 1000, afuate hatua ya 4 hadi ya 7 bila kubadilisha kitu. Aongeze tu kutazama herufi ndogo za viwanda vilivyozipiga, kama H, I na SA.